Saa za Nani? Utangulizi kwa Wanaoanza Kusoma Saa za Kazi

Ndani ya Azimio la Arusha la 1967 kuna sehemu ambayo wasomaji wengi huiruka wakikimbilia habari za mabenki na njia kuu za uchumi. Ni hesabu ya saa. Mfanyakazi wa mshahara mjini, Azimio linasema, hufanya kazi kiasi cha saa 45 kwa wiki. Kisha linageukia vijijini na kusema kwamba wanawake wa huko hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, ilhali wanaume wengi nusu ya maisha yao wako likizo. Miaka 37 baadaye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iliweka kiwango cha kawaida kwa mwajiriwa wa Tanzania Bara: saa 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki, zisizidi saa 45. Saa za yule wa mjini zikawa na sheria ya kuzilinda. Za yule mwanamke hazina sheria mpaka leo, kwa sababu hana mwajiri wa kushtakiwa. Ukitaka kujua taaluma ya saa za kazi inahangaika na nini, anzia hapo.

Taaluma yenyewe haina idara wala jengo. Wanahistoria wanasema ni yao, wachumi vivyo hivyo, wanasheria wa kazi nao wana kesi zao. Watafiti wa jinsia walichelewa kufika wakaibadilisha kuliko wote. Siku hizi wengi huingilia mlango wa semina za maofisini, pale afisa rasilimali watu anapohimiza uwiano wa kazi na maisha. Karibuni, hata kwa mlango huo. Ila muiangalie vizuri ile picha ya mizani inayochorwa ubaoni. Inachukulia kwamba kazi ni mzigo mmoja na maisha ni mwingine, kila mmoja na sahani yake. Mama ntilie anayewalisha wateja na wanawe kutoka sufuria moja hana sahani mbili. Hata kwa karani mwenye mkataba, idadi ya saa peke yake haisemi mengi. Watu wawili wanaweza kufanya kazi saa 50 kila mmoja. Mmoja akawa amechoka tu, mwingine akawa ameonewa. Kinachowatenganisha ni nani aliyezipanga saa hizo, na nani anaweza kuzikataa bila kukosa mkate. Mimi naliona hilo kuwa ndilo swali la taaluma nzima, na utangulizi huu unaegemea huko bila kujificha.

Simulizi iliyozoeleka huanzia mbali na ina mwelekeo mmoja: saa zinapungua. Waashi wa Melbourne walipata siku ya saa 8 mwaka 1856. Mei 1886 wafanyakazi wa Chicago waliidai, damu ikamwagika, na Mei Mosi yetu ina asili yake huko. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wake wa kwanza kabisa, nao ulihusu saa: 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Mwaka 1930 mwanauchumi John Maynard Keynes alitabiri kwamba wajukuu wa kizazi chake wangeweza kufanya kazi saa 15 kwa wiki. Wajukuu wamekuja, na wanajibu ujumbe wa bosi saa nne usiku.

Makala ambayo kila mtu katika fani hii ameisoma, au hudai ameisoma, ni ya Mwingereza E. P. Thompson, iliyochapishwa mwaka uleule wa 1967. Inaeleza jinsi vibarua na mafundi wa Uingereza walivyofundishwa kuitii saa ya kiwanda, na jinsi watoto na wajukuu wao walivyoigeuza saa hiyohiyo kuwa silaha, wakidai siku fupi na malipo ya ziada. Msomeni Thompson kwanza, kisha mbishane naye. Udhaifu wake ni kwamba watu wasio na viwanda anawaona kama wanaofuata jua, mifugo na mawimbi tu, bila hesabu ya wakati wanayoweza kuipigania. Mwanahistoria Keletso Atkins alionyesha kinyume chake huko Natal, Afrika Kusini, katika karne ya 19. Vibarua wa Kizulu walihesabu mwezi wa kazi kwa mwandamo. Mabwana zao walihesabu kwa kalenda. Mwezi ukifa, kibarua anadai mshahara wake na kutaka kwenda zake, bwana anamwambia bado ana siku, na akiondoka anaitwa mtoro. Msomaji ambaye kila mwaka anasikia mabishano ya mwezi umeonekana au haujaonekana hatashangaa kwamba kalenda mbili zinaweza kuzua ugomvi wa kweli.

Lakini ni bandari ya Mombasa inayoivuruga kabisa simulizi ya saa zinazopungua, na ndiyo sababu nawataka wanafunzi wangu wakae nayo muda mrefu. Frederick Cooper aliiandikia kitabu mwaka 1987. Makuli wa pale waliajiriwa kwa siku. Asubuhi unafika, unachukuliwa au huchukuliwi, jioni unalipwa. Meli haziji kwa mpangilio, kwa hiyo waajiri wenyewe waliupenda utaratibu huo: siku meli zikijaa wanachukua watu wengi, siku gati likiwa tupu hawamlipi mtu. Ila utaratibu ulikata kuwili. Kuli mwenye shamba Kisauni, au mwenye ndugu wa kumpa chumba, aliweza kufanya kazi siku kadhaa za mwezi, akapata alichohitaji, akapumzika. Maofisa wa kikoloni walimwita mvivu. Walichokiogopa hasa ni kwamba mtu wa namna hiyo hatishiki kwa kufukuzwa. Kesho atarudi kama mgeni, au hatarudi. Mgomo wa 1939 na ule mkubwa wa Januari 1947, ulioufunga mji mzima, uliwathibitishia hofu hiyo. Makuli wakaandikishwa kwenye daftari, wakatakiwa kutimiza siku kadhaa kila mwezi, asiyetimiza akafutwa. Hatimaye, katika miaka ya 1950, waajiri wakaelekea kwenye ajira ya mwezi.

Je, walipata au walipoteza? Mishahara ilipanda na kazi ikawa ya uhakika. Wakati huohuo uwezo wa kusema leo siji ulikwisha. Waingereza wa Thompson walipigania kupunguziwa saa za kiwanda ambazo hawakuwa na sauti juu yake, ilhali makuli wa Mombasa walikuwa na sauti hiyo wakaibadilisha, kwa hiari nusu na kwa nguvu nusu, na uhakika wa mshahara. Sijaona nadharia ya Ulaya inayotosha kueleza biashara hiyo.

Upande wa Tanganyika palikuwa na kadi. Katika wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, Wajerumani waliwapa wanaume kadi zilizowalazimu kufanya kazi siku 30 katika kila miezi minne kwa mwajiri wa Kizungu. Kipande, kadi ya mashamba ya mkonge iliyokuja kushika mizizi baadaye, nacho kilihesabu siku 30 za kazi: ukimaliza ngwe yako unatiwa alama, usipomaliza siku hiyo haipo. Kwa historia ya sheria zilizojengwa juu ya mfumo huo, mwongozo ni kitabu cha Issa Shivji cha 1986 kuhusu sheria, dola na tabaka la wafanyakazi Tanzania. Ni kizito, lakini kila ukurasa unalipa.

Mtakaochagua mambo ya leo, nendeni stendi. Dereva wa daladala na wa bodaboda husifiwa kwamba ni bosi wa nafsi yake. Ukweli ni kwamba asubuhi anapowasha chombo tayari ana deni: hesabu. Mpaka hesabu ya mwenye chombo itimie, na mafuta yalipwe, anamfanyia kazi mtu mwingine; saa zake mwenyewe huanza baada ya hapo, akiwa amechoka, na ndizo saa anazokimbiza gari. Hakuna anayempangia muda wa kutoka, na hata hivyo hawezi kutoka. Akishindwa kabisa anamwachia usukani deiwaka, dereva wa kumshikia, kwa mizunguko michache. Matteo Rizzo, katika kitabu chake cha 2017 kuhusu usafiri wa Dar es Salaam, ameonyesha kwamba mwendo kasi na siku ndefu za barabarani zinatokana na mkataba huo usioandikwa zaidi kuliko tabia mbaya za madereva. Programu za simu za kuitia usafiri zimeongeza mdai mwingine, anayekata asilimia.

Kuhusu starehe nitasema machache tu, ingawa pana utamu. Terence Ranger aliandika juu ya ngoma ya beni mwaka 1975, na Laura Fair mwaka 2001 juu ya taarabu, mpira na mavazi Unguja baada ya utumwa. Vitabu vyote viwili vinafundisha kwamba jioni ya mtu maskini ina historia sawa na asubuhi yake.

Mitazamo inabadilika, na serikali zinaifuata kwa hatua zisizolingana. Tangu Januari 2023 Rwanda imepunguza saa za kazi kutoka 45 hadi 40 kwa wiki, kazi zikaanza saa tatu asubuhi na shule saa mbili na nusu, ili wazazi wapate muda na watoto. Oman, katika sheria yake ya kazi ya 2023, nayo imeshuka hadi 40, na Mwislamu hafanyi zaidi ya saa 6 kwa siku mwezi wa Ramadhani. Ufaransa, tangu 2017, inazitaka kampuni kubwa kujadiliana na wafanyakazi kuhusu haki ya kutojibu ujumbe nje ya muda wa kazi. Kwetu kundi la WhatsApp la ofisi halina saa ya kufungwa, na mwenye kulinyamazisha anajulikana.

Mbinu utajifunza kazini, ila moja nitaitaja. Tafiti za matumizi ya muda humuuliza mtu alifanya nini saa hadi saa, na zimesaidia sana kuonyesha kazi isiyolipwa ya wanawake. Zinapata tabu panapokuwa na mambo mawili kwa pamoja: anapika, mtoto yuko mgongoni, na jirani anasubiri kununua mkaa. Dodoso hutaka jambo kuu liwe moja. Ukiona jedwali safi, uliza nini kilitupwa.

Mwisho, mada ambayo ningefurahi mmoja wenu aichukue. Uwiano wa mwanamke wa ofisini mjini, yule anayesifiwa kwenye semina kwa kuweza yote, mara nyingi umesimama juu ya saa za dada wa kazi anayeamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Sheria ya 2004 haikumtoa yeye, na saa 45 zinamhusu kama karani wa benki, lakini ni nyumba ngapi zinazozihesabu? Utafiti wake ni mgumu kwa sababu ndogo tu: ukimhoji pale nyumbani, mama mwenye nyumba yuko sebuleni anasikia. Wengi wao hupewa ruhusa Jumapili mchana. Nenda siku hiyo, umlipie nauli, na usimkalishe muda mrefu.