Flashi ikiungua, usichomeke ya pili

Mzazi mwenzangu, jambo hili hutokea majumbani. Mtoto anachomeka flashi mbele ya kompyuta ya mezani, haisomi. Akiichomoa, ni ya moto. Anajaribu nyingine, nayo inakufa. Zimekwenda kazi za shule, picha za kipaimara na nakala ya cheti cha kuzaliwa, na lawama zote zinamwangukia yeye. Lakini flashi mbili zikifa kwenye tundu moja, mtuhumiwa wa kwanza ni kompyuta, si mtoto.

Hapa Songea tulitegemea majenereta ya dizeli hadi mwaka 2018, tulipounganishwa na Gridi ya Taifa kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Hivyo tumezoea kusema “ni umeme tu” kila kitu kinapoungua. Mara nyingine ni kweli. Ila flashi haili umeme wa ukutani wa volti 230; inapewa volti 5 tu na kompyuta yenyewe.

Tatizo liko wapi?

Tundu la kawaida la USB lina nyaya nne. Kwa kawaida nyekundu huleta volti 5, nyeusi huurudisha umeme, nyeupe na kijani hupitisha taarifa. Matundu ya nyuma yamechomelewa kwenye ubao mkuu. Ya mbele huunganishwa kwa waya unaochomekwa kwenye pini ndogo ndani. Kompyuta ikifunguliwa kusafishwa vumbi au kubadilishwa kava, waya huo unaweza kurudishwa kinyume. Umeme ukiingia kinyume, flashi huungua kwa sekunde chache. Kompyuta nyingine za zamani zina pini za FireWire zinazofanana na za USB, lakini zenye volti 12. Hapo hata kipanya na kibodi haviponi.

Fanya hivi

1. Chomoa kila kitu kwenye matundu ya mbele na uyazibe kwa gundi ya karatasi, ili mdogo wake asije akajaribu tena.

2. Usipime kwa simu wala flashi yenye kazi. Tumia kitaa kidogo cha USB cha bei nafuu. Kisipowaka, kikiwaka kwa ukali kupita kawaida au kikinuka, tundu hilo ni bovu. Kikiwaka vizuri, bado usiliamini hadi fundi apime.

3. Kwa sasa tumia matundu ya nyuma, ukianza na kitaa hicho hicho.

4. Mweleze fundi kwamba flashi zimeungua matundu ya mbele, na useme kama kompyuta ilifunguliwa karibuni. Mwombe apime kwa mita mbele yako: isome kati ya volti 4.75 na 5.25. Asipoweza kurekebisha waya, auchomoe kabisa. Kompyuta itafanya kazi bila matundu ya mbele.

Flashi iliyokufa usiitupe. Mara nyingi kinachoungua ni sehemu inayoiendesha, huku chipu ya kumbukumbu ikiwa nzima, na fundi mwenye vifaa anaweza kuokoa vilivyomo. Ikisomeka kidogo na kompyuta ikaomba kuifomati, kataa.

Hatari iliyo kubwa zaidi

Ukigusa kava la chuma ukahisi kama unachomwa na sindano, hilo si la kuchekea. Huenda soketi au ekstensheni haina waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Zima swichi ya ukutani, chomoa, na umwite fundi umeme aliyesajiliwa kabla mtoto hajarudi kwenye kiti. Asikate pini ya tatu ya plagi ili iingie kwenye ekstensheni ya matundu mawili. Na boksi la kupozea na kugawa umeme ndani ya kompyuta lisifunguliwe nyumbani. Hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.

Mwisho, vyeti, picha na matokeo ya mtoto visikae kwenye flashi moja. Weka nakala kwenye barua pepe yako na nyingine kwa ndugu unayemwamini. Fomu za mkopo wa chuo zikifunguliwa, hutaanza kuhangaika kutafuta cheti kilichoungua na flashi.