Gavana Asiyeulizwa na Aliowatawala

Ukoloni ulikuwa na desturi ya kumkabidhi mtu nchi nzima aiongoze kwa sababu ya ukoo na cheo chake, bila ya kuwauliza wenyeji wa nchi hiyo. Gustav Adolf von Götzen ni mfano wake, nao unatuhusu sisi wenyewe.

Alizaliwa mwaka 1866 katika ukoo wa makabaila wa Silesia, akarithi cheo cha Graf, kisha akaingia jeshini. Mwaka 1893 aliondoka Pangani na msafara, akapita Rwanda na kuonana na Mwami Rwabugiri, hata akatokea pwani ya Atlantiki. Halafu alitumikia ubalozi wa Ujerumani huko Washington. Mwaka 1901, kabla hajatimiza miaka 35, akafanywa Gavana wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, makao yake Dar es Salaam.

Serikali yake ilitaka koloni lijilipie gharama. Kuanzia mwaka 1902 watu wa kusini walilazimishwa kulima mashamba ya pamba chini ya maakida na majumbe, mashamba yao ya chakula yakabaki nyuma, na ujira ukawa haba. Machi 1905 ikaongezwa amri ya kodi ya kichwa, rupia 3 taslimu. Ilipofika Julai, Wamatumbi wakang'oa pamba. Vita vya Maji Maji vikaanza. Majeshi ya Gavana yalichoma vijiji na maghala ya nafaka. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kuwa kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa.

Je, yeye alipatwa na nini? Aliondoka mwaka 1906 bila ya kushitakiwa. Alipewa kazi ya ubalozi Hamburg, akaandika kitabu juu ya vita hivyo, akafa mwaka 1910. Hata meli ya Ziwa Tanganyika, iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915, ilipewa jina lake. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaitwa Liemba.

Kosa halikuwa la mtu mmoja tu. Amri zake zilipimwa Berlin, na wakulima waliozilipia kwa jasho na damu hawakuwa na baraza la kumwuliza, wala uwezo wa kumwondoa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hasa ikiwa mwenye njaa hana njia ya kumwajibisha.