Mimea Isiyojua Mpaka

Mtu apandaye kutoka Makambako kwenda Njombe, mwendo wa kilomita 60 hivi, huacha nyuma yake nchi ya upepo, mahali barabara zinapokutana na reli ya TAZARA, naye hupanda polepole mpaka nchi ya milima, karibu mita 2,000 juu ya bahari. Akitazama mabondeni wakati wa kiangazi, huona jambo la kumfurahisha. Vilima vimekauka, lakini kando ya vijito kuna matuta ya kijani. Hizo ndizo bustani ziitwazo vinyungu. Hulimwa wakati mashamba ya juu yamelala, nazo huzipatia nyumba mboga, maharage na mahindi mabichi, na mara nyingi fedha za kununulia daftari na sare za shule.

Kinyungu ni kidogo. Mmea mmoja wenye tamaa ukiingia na kushika nusu yake, nyumba hupungukiwa na nusu ya mboga zake za kiangazi. Kwa hiyo yafaa tujue jinsi mimea ya namna hiyo inavyoenea. Mtu asiyejua huishambulia kwa jembe au kwa moto, na mara nyingine jembe hilo au moto huo ndio huisaidia.

Tuanze na sangari. Kila mtoto aliyewahi kupalilia aijua. Juu ya ardhi ni jani jembamba tu, lisilomtisha mtu. Lakini chini ya udongo ina shina jeupe lililolala, gumu, lenye vifundo kama vya muwa, na kila kifundo chaweza kutoa mizizi chini na chipukizi juu. Mkulima mwenye haraka hulikatakata shina hilo kwa jembe, huiona bustani yake safi, na hurudi nyumbani akifurahi. Kumbe shina lenye vifundo 20 amelikata vipande 10, na kila kipande ni mche mpya. Mvua zikinyesha, bustani huwa mbaya kuliko ilivyokuwa kwanza.

Njia iliyo bora ni ya polepole. Legeza udongo kwa jembe uma, kisha lifuate shina kwa mkono mpaka mwisho wake, ulitoe zima. Likung'ute udongo. Usilitupe kando ya kijito wala katika shimo la mbolea, maana huko litaota tena. Litandaze juu ya mwamba penye jua kali, mpaka ukilivunja lilie kama kijiti kikavu. Kazi hii ifanywe kati ya Juni na Oktoba, jua likiwa msaidizi wako. Ukiifanya mwezi wa Januari, mvua zikinyesha, sangari hushika mizizi pale pale ulipoitupa. Wakati wa kuchimba viazi nao ni nafasi njema, kwa kuwa udongo umekwisha kupinduliwa, na mikono ya watoto ipo. Baadaye panda kitu chenye majani mapana, kama maboga, kwa maana sangari haipendi kivuli.

Ndago ina hila nyingine. Yenyewe huweka akiba yake katika viazi vidogo vyeusi vilivyofungamana chini kwa nyuzi. Ukikata majani, kiazi hutoa majani mengine. Ukivuta kwa nguvu, uzi hukatika na kiazi hubaki. Mtu hana budi kuchimba chini kabisa na kuviokota kimoja kimoja, kazi ya kuchosha sana, wala sijui njia iliyo nyepesi zaidi kwa mtu mwenye jembe tu.

Msomaji wa Injili ya Mathayo, sura ya 13, atakumbuka kwamba mwenye shamba aliwazuia watumishi wake wasing'oe magugu kabla ya mavuno, wasije wakang'oa na ngano pia. Mfano ule wahusu mambo makubwa kuliko kabichi. Mtu asiutumie kwa kukwepa palizi.

Tena tusidhani kwamba kila mmea ueneao ni mbaya tangu mwanzo. Nanaa ni mmea mwema, na chai yake husifiwa na wengi, lakini hutambaa kwa mashina yake mpaka katika tuta la vitunguu. Dawa yake ni rahisi: chukua debe la zamani, liondoe kitako, ulifukie ardhini hata ukingo wake uonekane kidogo juu, na nanaa uipande ndani.

Ingekuwa vizuri kama kila mmea ungeweza kufungwa debeni. Mti wa mwati hauwezi. Kwao ni Australia, na gome lake hutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Kwa ajili ya gome hilo kampuni ilianzishwa Njombe mwaka 1949, ikapanda mashamba makubwa ya miwati, na watu wa vijijini nao wakaipanda karibu na nyumba zao. Hawakukosea. Mwati hukua upesi, kuni zake huwaka vizuri, makaa yake ni mazuri, na mizizi yake hurutubisha udongo kama mizizi ya kunde. Katika nchi yenye baridi kama ile, ambako asubuhi za Juni na Julai huweza kuwa na jalidi juu ya majani, mti wa kuni si jambo dogo.

Shida ni mbegu zake. Ni nyingi mno, zina ganda gumu, na zaweza kulala udongoni miaka 50 bila kufa. Ganda hilo hupasuliwa na joto la moto. Basi mkulima akikata miwati yake na kulichoma shamba ili alisafishe, huwa amezigongea mlango mbegu zote zilizolala. Mvua za kwanza zikinyesha, miche huota imesongamana kama nywele, na asipoing'oa, kwa miaka michache amepata msitu. Ikifika bondeni, hunywa maji mengi, na kijito kinachonywesha vinyungu hupungua. Afrika Kusini walipata hasara hiyo sana, hata serikali yao mwaka 1995 ikaanzisha kazi ya kuwalipa watu wakate miti ya kigeni kando ya mito.

Kwa nini mti mtulivu kwao uwe mkali ugenini? Sababu moja ni hii: mmea ukivushwa bahari, mara nyingi huja peke yake, na wadudu na magonjwa yaliyokuwa yakiupunguza hubaki nyuma. Tazama magugumaji. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Watu waliyachukua nchi nyingi kwa uzuri wa ua lake, wakayaweka katika mabwawa ya bustani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 yalionekana katika Ziwa Viktoria, na miaka michache baadaye yaliziba bandari na kuwazuia wavuvi kutoka na mitumbwi yao. Wataalamu wakaleta kutoka kwao fukusi wadogo walao mmea huo, baada ya kuwajaribu ili wajue kama watakula mazao pia, na magugumaji yakapungua sana, ingawa hayakwisha.

Mwenye kinyungu hana fukusi wa kumsaidia. Ana mikono yake. Usipande mwati karibu na kijito. Ule ulioota wenyewe huko, ukate kabla haujazaa mbegu, kisha menya gome la kisiki mpaka chini udongoni, kisipate nguvu ya kuchipua. Usichome moto mahali pale ili kupasafisha. Miche midogo hung'oka kwa vidole viwili mwezi wa Novemba au Desemba, mvua zikiisha kulainisha udongo. Mwakani pita tena mahali pale pale, na mwaka wa tatu pia, kwa kuwa zile za chini bado hazijaamka zote.