Safari ya familia jangwani: Tumfunge ngamia kwanza, kisha tutawakali

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao hadi Siku ya Malipo.

Kila shule zinapokaribia kufungwa mwezi Desemba, wazazi wengi huulizana watoto watapelekwa wapi. Zamani jibu lilikuwa jepesi: kwa bibi Tanga, kwa shangazi Pemba, au kwa babu Lamu. Siku hizi zipo familia za Kiislamu ambazo Mola amezifungulia riziki, nazo hutamani kwenda mbali zaidi, mahali ambapo mtoto ataona kitu asichokiona kwao. Miongoni mwa mahali hapo ni Oman, na ndani ya Oman, kinachowavuta vijana zaidi ya masoko ni jangwa: kulala hemani, kupanda ngamia, kuvuka vilima vya mchanga kwa gari. Leo, ndugu msomaji, tunapenda tuitazame safari ya namna hiyo kwa macho mawili, jicho la sharia na jicho la maandalizi. Tutaona kwamba macho hayo hutazama njia moja.

Safari katika mizani ya dini

Uislamu haukumkataza mja kutembea duniani. Katika Suratul Mulk, aya ya 15, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kwamba ameifanya ardhi iwe nyepesi kwetu, akatutaka tupite katika pande zake na tule katika riziki zake. Aya nyingi nyingine zinawahimiza watu watembee ili watazame na wazingatie. Mtoto anayesimama juu ya kilima cha mchanga usiku, akaziona nyota zisizofichwa na taa za mji, amepata darsa ya tawhidi ambayo si rahisi kuipata darasani.

Hata hivyo, Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba safari ni sehemu ya adhabu, kwa kuwa humnyima mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake. Kwa hiyo anayeipanga safari akidhani kwamba itakuwa raha tupu, amekosea tangu mwanzo. Na anayewapeleka wake na watoto jangwani bila maandalizi, huku akisema kwamba anamtegemea Mungu, huyo hajaielewa tawakkul.

Ibn Abbas (R.A.) ameeleza kwamba baadhi ya watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila ya masurufu, wakijiita watu wa tawakkul, kisha wakifika Makka huomba watu. Hapo ikateremka aya ya 197 ya Suratul Baqara inayoamrisha kuchukua masurufu, na kubainisha kwamba masurufu bora ni ucha Mungu. Na katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, bwana mmoja aliuliza kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Allah, Mtume (S.A.W.) akamwelekeza amfunge kwanza, kisha ategemee. Basi maneno yetu yote yanayofuata ni ya namna ya kumfunga ngamia.

Kwa nini Oman?

Jangwa lipo katika nchi nyingi. Lakini baina ya pwani yetu na Oman upo uhusiano wa damu. Sayyid Said bin Sultan aliyahamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, na kwa vizazi vingi majahazi ya Sur na Muscat yaliletwa huku na pepo za kaskazi na kurudishwa kwao na pepo za kusi. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na hasa baada ya mwaka 1970 Sultani Qaboos alipoingia madarakani, familia nyingi zilihamia huko. Ndiyo maana hadi leo msafiri anaweza kusikia Kiswahili katika maduka na nyumba za Muscat.

Kwa hiyo, kwa wengi wetu, safari ya Oman inaweza kubeba nia mbili: matembezi, na kuunga udugu. Wapo watoto wanaowajua mama zao wadogo na binamu zao kwa sauti ya simu tu. Mwenye jamaa huko aanze kwao kabla ya kwenda kwenye mchanga. Atapata thawabu ya kuunga kizazi, na atapata pia mwenyeji wa kumwambia ukweli kuhusu barabara na hali ya hewa.

Wakati na fedha

Jangwa lina msimu wake. Miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, joto la bara la Oman huweza kupita nyuzi 45, na hapo si mahali pa kumpeleka mtoto mchanga wala mzee. Miezi mizuri ni Novemba hadi Februari, mchana ukiwa wa wastani na usiku ukiwa na baridi ya kutaka sweta na blanketi. Hili ni jambo la heri kwetu, kwani likizo ya Desemba inaangukia humo humo. Anayeweza kusafiri Julai au Agosti tu, na aelekee Salalah kusini, ambako msimu wa kharif huleta manyunyu na ukungu na kuivisha milima rangi ya kijani. Mambo ya jangwa ayaache.

Ama fedha, rial moja ya Oman ni kiasi cha dola 2.60 za Marekani, hivyo bei inayoonekana ndogo kwa tarakimu huwa kubwa mfukoni. Tunausia mambo matatu. Kwanza, safari ya matembezi isifanywe kwa mkopo, sembuse mkopo wa riba. Pili, aliyekusanya fedha za kumtosha kwenda Hija naye hajahiji, ajiulize kabla ya kukata tiketi ya jangwani. Tatu, tujiepushe na kwenda ili tuonekane tumekwenda. Suratul Israa, aya ya 26 na 27, imewaita wabadhirifu kuwa ni ndugu wa mashetani, na ubadhirifu wa likizo ni ubadhirifu vilevile.

Njia inayofaa

Siku saba au nane zinatosha. Siku mbili za mwanzo ziwe za Muscat: kuwaona jamaa, kupumzika, na kuuzuru Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos uliofunguliwa mwaka 2001. Kisha safari iingie bara hadi Nizwa, mji wa kale wa maimamu, ambako ngome yake ya duara ilijengwa katika karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif al-Yarubi. Ikiwezekana kufika huko asubuhi ya Ijumaa, watoto watauona mnada wa mbuzi, wanyama wakizungushwa mbele ya wanunuzi waliojipanga duara, kisha familia itaswali Ijumaa pamoja na wenyeji.

Karibu na hapo ipo mifereji ya kale iitwayo aflaj, inayoleta maji ya chini ya ardhi mashambani bila ya mashine yoyote. Mitano kati yake, ukiwemo Falaj Daris wa Nizwa, iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Tuwasimamishe watoto hapo kwa makusudi. Maji ya falaj hugawiwa kwa zamu, kila mwenye shamba kwa muda wake, na watu wameishi kwa uadilifu huo katika nchi kavu kwa karne nyingi. Aliyeuona mfereji huo huacha kuchezea bomba la maji nyumbani.

Kutoka Nizwa, siku mbili ziwe za mchanga wenyewe, Sharqiya, uliokuwa ukiitwa mchanga wa Wahiba. Eneo lake ni kiasi cha kilomita za mraba 12,500, na vilima vyake virefu hufikia mita 100. Mji wa Bidiya ndio mlango wake, na zipo kambi za mahema zinazopokea familia. Rub al-Khali, lile jangwa kuu linaloenea hadi Saudia, tusilifikirie kwa safari ya kwanza yenye watoto. Mwingereza Wilfred Thesiger alilivuka katika miaka ya 1940, lakini alilivuka akiongozwa na Mabedui wa Rashid na Bait Kathir waliojua kila kisima. Baada ya mchanga, familia ishuke Sur, mji wa majahazi, na Ras al-Jinz wanakopanda kasa kutaga mayai, kisha irejee Muscat kwa barabara ya pwani.

Kumfunga ngamia

Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza wasafiri wakifika watatu wamteue mmoja wao awe kiongozi. Katika familia mara nyingi ni baba, lakini uongozi si ubabe. Mtume mwenyewe, katika safari ya Hudaibiya mwaka wa 6 Hijria, alisikiliza ushauri wa mkewe Ummu Salama (R.A.), nao ndio uliotatua jambo zito la siku ile. Basi mama akisema kwamba mtoto ana homa na safari ya mchanga iahirishwe, asionekane mwoga.

Gari la mchangani ni la kuendeshwa kwa magurudumu yote manne, na upepo wa matairi hupunguzwa kabla ya kuingia na kujazwa tena baada ya kutoka. Wasioijua kazi hiyo wamkodi dereva mwenyeji. Tukumbuke pia kwamba huko magari hupita upande wa kulia wa barabara, kinyume na Tanzania na Kenya, na mkono uliozoea kushoto hukosea wakati wa kuchoka. Wasiende kwa gari moja; yawe mawili, na mtu mjini aambiwe wanapita wapi na watarudi saa ngapi. Gari likikwama, watu wabaki karibu nalo, kwani gari huonekana kwa mbali kuliko mtu. Maji ya kunywa yasipungue lita tano kwa kila mtu kwa siku, na akiba juu yake. Asubuhi viatu vikung'utwe kabla ya kuvaliwa, kwa ajili ya nge.

Na dereva asiwarushe watu juu ya vilima ili vijana washangilie. Katika hadithi sahihi, Mtume (S.A.W.) alimtaka Anjasha, aliyekuwa akiwaongoza ngamia kwa nyimbo, aende pole kwa sababu ya wanawake waliokuwa juu yao, akiwafananisha na vyombo vya kioo. Vyombo vya kioo bado vimo garini.

Maji ndiyo ya kuogopwa

Wengi hudhani kwamba hatari ya jangwa ni kiu peke yake. Nchini Oman hatari nyingine kubwa ni maji. Mabonde makavu, yaitwayo wadi, hupendeza kwa matembezi. Wadi Bani Khalid na Wadi Shab zina madimbwi ya kuogelea yanayowavuta wageni. Lakini mvua ikinyesha milimani, maji huteremka kwa ghafla hata pale ambapo mbingu ni nyeupe. Katikati ya Aprili 2024, huko Samad al-Shan katika wilaya ya Al-Mudhaibi, gari lililobeba wanafunzi lilisombwa na mafuriko na watoto kadhaa wakafariki. Hao walikuwa wenyeji, wanaoijua nchi yao. Mwenyezi Mungu awarehemu na awape subira wazazi wao.

Kwa hiyo hema lisipigwe ndani ya wadi, wala gari lisivushwe maji yanayokwenda, hata yakionekana machache. Sheria ya Oman inahesabu kuvuka huko kuwa ni kosa, na sharia inatukataza, katika Suratul Baqara aya ya 195, kujitupa kwa mikono yetu katika maangamizi. Tiketi ikipotea au siku ikipita bure, hiyo ni hasara inayolipika.

Ibada njiani

Msafiri amepewa takhfifu, na ni vizuri watoto wazijue kwa kuzitenda. Swala za rakaa nne hupunguzwa kuwa mbili. Magharibi na Alfajiri hubaki zilivyo. Adhuhuri huweza kukusanywa na Alasiri, na Magharibi na Isha. Katika madhehebu ya Shafii, waliyo nayo Waislamu wengi wa pwani yetu, aliyenuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, mbali na ya kufika na ya kuondoka, hutimiza swala zake. Ndugu zetu Maibadhi wa Oman wana hesabu yao, wakianza safari kwa umbali wa kiasi cha kilomita 12; asishangae mtoto wala asibishane.

Maji yakiwa ya kunywa tu, kunywa kunatangulia na tayammamu inachukua nafasi ya udhu. Na Kibla kitafutwe: mtoto wa Dar es Salaam aliyezoea kuelekea kaskazini, huko ataelekea magharibi. Hilo peke yake ni somo, kwamba Nyumba ni moja, nasi tunaizunguka kutoka pande zote.

Kwa wenyeji, tuvae kwa heshima, tusipige picha za wanawake bila ya ruhusa, na tupokee kahawa na tende kwa mkono wa kulia. Aliyetosheka hutikisa kikombe kidogo kabla ya kukirudisha.

Ndugu msomaji, si lazima kila familia ifike Oman. Asiyeweza, ardhi ya Mwenyezi Mungu ni pana, na kwa bibi Tanga bado kuna kheri nyingi. Lakini anayekwenda, na aende akiwa ameweka nia safi, amelipa madeni yake, ameandika wasia wake na amewaaga wazee wake. Hapo akisoma dua ya safari, atakuwa ameisoma baada ya kumfunga ngamia wake.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wote, nchi kavu na baharini, awarejeshe kwa watu wao salama, na ajaalie matembezi yetu yawe ya mazingatio. Amin. Wabillahi tawfiq.