Majina ya Magonjwa Yametoka Wapi?

Chukua kadi yako ya hopitali uitazame. Labda mganga ameandika neno moja au mawili ambayo hukuyaelewa. Umeyapeleka nyumbani, umemwonyesha jirani, naye hakuyajua. Neno lisilojulikana huleta hofu, na hofu hutafuta mtu wa kulaumiwa. Kwa hiyo inafaa tujue maneno haya yametoka wapi na yanasema nini.

Tuanze na mahali tunapokaa. Komine yetu, inayozunguka mji wa Lubumbashi, inaitwa Annexe. Jina hilo ni la Kifaransa, lakini Wafaransa walilipata katika Kilatini, lugha ya Warumi wa zamani. Maana yake ni kitu kilichofungwa pamoja na kingine. Na hopitali je? Kwa Kilatini hospes ni mgeni, na hopitali za mwanzo zilikuwa nyumba za kupokea wageni. Unapolazwa kitandani, jina la nyumba lenyewe linasema kwamba wewe ni mgeni, na mgeni hupokewa vizuri.

NJIA MBILI

Maneno ya Wayunani na ya Warumi yalifika kwetu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya Waarabu na watu wa pwani. Warumi walisema sapo. Plinius, mwandishi Mrumi aliyekufa mwaka 79, aliandika kwamba watu wa Galia waliitengeneza kwa mafuta ya wanyama na majivu. Waarabu wakasema sabun, nasi tunasema sabuni. Kalamu nayo ilitoka kwa neno la Kiyunani kalamos, maana yake tete. Lugha ya pwani ilipofika Katanga, maneno haya yalikuja pamoja nayo, na leo hakuna anayeyaona kuwa mageni.

Njia ya pili ni ya waganga. Hippokrates, mganga Myunani, alizaliwa katika kisiwa cha Kos karibu na mwaka 460 kabla ya Kristo. Baadaye akaja Galenos wa Pergamo, mji unaotajwa katika kitabu cha Ufunuo. Alitibu watu huko Roma, lakini aliandika vitabu vyake kwa Kiyunani. Waganga wa Ulaya walijifunza vitabu hivyo kwa muda wa miaka mia nyingi, wakayashika majina yake. Wabelgiji walioanzisha mji wetu mwaka 1910 walikuja na majina hayo kwa Kifaransa. Ndiyo hayo yaliyo katika kadi yako.

Sasa tuyafungue maneno matatu.

NENO LA KWANZA: DREPANOSITOZI

Neno hili ni refu, nalo huwatisha wazazi. Lakini drepanon kwa Kiyunani ni mundu tu, kile kisu kilichopindika cha kukatia majani. Damu yetu ina chembe ndogo sana, za mviringo. Kwa mtoto mwenye ugonjwa huu chembe hizo hupindika kama mundu. Hukwama katika mishipa myembamba, na mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa. Tena hufa upesi kuliko chembe nzuri, ndipo mganga anaandika neno lingine, anemi. Hilo nalo ni la Kiyunani: an ni bila, haima ni damu.

Je, nani amekunywa damu ya mtoto? Hakuna. Si bibi yake, si jirani, si mke wa pili. Mtoto amepokea ugonjwa huu kwa baba na kwa mama, wote wawili, nao huenda ni wazima kabisa. Wazazi wa namna hiyo, kila wanapozaa, mtoto ana bahati moja kati ya nne ya kuwa na ugonjwa. Kwa hiyo vijana wapime damu kabla ya kuoana. Na wewe mwenye mtoto kama huyo, mpe maji ya kunywa mara nyingi, mlaze ndani ya chandarua, na akipata homa umlete hopitali siku ile ile. Usipoteze siku kwa kumtafuta mchawi.

NENO LA PILI: EPILEPSI

Sisi tunasema kifafa, na ndani ya jina hilo tunasikia neno kufa. Wayunani walisema epilepsia, maana yake kukamatwa kwa nguvu. Walidhani mungu fulani amemkamata mtu, wakauita ugonjwa mtakatifu. Lakini kati ya vitabu vya Hippokrates kimo kimoja, cha karibu miaka 400 kabla ya Kristo, kilichokataa mawazo hayo. Kilisema ugonjwa huu si mtakatifu kuliko magonjwa mengine; unatoka katika ubongo. Tena kilisema wale waliouita mtakatifu walikuwa wakificha kutojua kwao.

Tazama, neno hilo limesemwa zaidi ya miaka elfu mbili, na bado katika nyumba nyingine mgonjwa wa kifafa anakula peke yake. Anapoanguka motoni watu wanakimbia, wakiogopa povu lake. Povu hilo ni mate tu. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kugusana. Basi mtu akianguka mbele yako, fanya hivi: mwondoe karibu na moto na maji, mlaze kwa ubavu, legeza nguo shingoni. Usitie kijiko wala kidole kinywani mwake. Usimshike kwa nguvu. Kaa naye mpaka akili zimrudie. Kama anatetemeka zaidi ya dakika tano, mpeleke hopitali upesi. Baadaye ataandikiwa vidonge vya kila siku, naye asiviache bila ruhusa ya mganga, hata akijiona amepona.

NENO LA TATU: FARMASI

Farmasi ni duka la dawa. Limetoka kwa Kiyunani pharmakon, na neno hilo lilikuwa na maana mbili: dawa, na pia sumu. Usicheke Wayunani. Sisi pia tunasema dawa ya mtoto, tena tunasema dawa ya panya. Lugha zote mbili zimeona jambo moja, kwamba kitu kiponyacho chaweza kuua. Kinachotenganisha mara nyingi ni kipimo, na kipimo hicho kinaitwa dozi, kutoka dosis, kitu kilichotolewa na mwingine. Basi dozi yako ni ile uliyopewa na anayejua. Si nusu yake kwa sababu homa imeshuka, wala mara mbili ili upone haraka, wala vidonge vilivyobaki kwa shangazi, wala vile vinavyouzwa njiani katika jua bila karatasi.

Unaona sasa kwamba maneno haya si uchawi wala siri ya wasomi. Ni mundu, ni damu, ni kukamatwa, ni kutoa: maneno ya watu wa kawaida waliotazama wagonjwa wao wakasema walichokiona. Ukipewa kadi yenye neno usilolijua, usiondoke nalo kimya. Muulize mganga au mwuguzi: Neno hili maana yake nini, nami nifanye nini nyumbani? Mwombe akuambie kwa Kiswahili. Kisha umwambie mwenye kulala chumba kimoja na mgonjwa, maana yeye ndiye atakayemlinda usiku.