NYEUPE AU BULUU?

Darasa linapotaka kupakwa rangi upya, mabishano hayakosi. Hawa wanataka nyeupe, wale wanataka buluu iliyokoza. Eti nyeupe ni ya hospitali! Hebu tuzipime bila ushabiki.

Ukuta hauna mwanga wake. Huurudisha tu ule unaoupokea. Rangi nyeupe hurudisha takriban asilimia 80 ya mwanga au zaidi. Buluu iliyokoza hurudisha kama asilimia 10 tu, na iliyobaki huimeza. Ndiyo maana chumba cha buluu huhitaji taa nyingi zaidi, tena huonekana kama kimebana. Jioni wakati wa prepu, chini ya balbu ya manjano, buluu hiyo hukaribia kuwa nyeusi. Anayeumia ni yule wa pembeni, aliye mbali na balbu.

Lakini nyeupe nayo ina kasoro zake. Alama za vidole, viatu na udongo mwekundu wakati wa mvua huonekana papo hapo. Na ikiwa ni rangi ya maji, ukiisugua sana hutoka!

Basi kwa nini tuzigombanishe? Kuanzia sakafuni hadi mita moja hivi, tupake buluu ya mafuta, ambayo hupanguswa kwa kitambaa chenye maji. Juu yake hadi darini, tupake nyeupe. Na pesa zikipungua, tuanze na huko juu. Uchafu hufutika, wenzangu, lakini macho hayauzwi dukani.