Kusema "Haramu" Peke Yake Hakutoshi

Wazazi wengi wa Kiislamu huamini kwamba suala la pombe lilikwisha madrasani: mtoto amekwishafundishwa kuwa khamri ni haramu, basi. Hata Masahaba hawakukatazwa kwa neno moja. Sura ya Al-Baqara ilitangulia kubainisha madhara yake, An-Nisaa ikawazuia kuikaribia sala wakiwa wamelewa, kisha Al-Maida ikaufunga mlango. Nao walikuwa watu wazima, Mtume (s.a.w.) yu kati yao. Sembuse kijana wa miaka 13 ambaye baba yake humwona akiwa amelala tu?

Katika mitaa yetu tunaona kwamba pombe haimjii mtoto kwa jina lake. Humjia ndani ya chupa ya soda, nyuma ya turubali la harusi, kina mama wamo ndani na kina baba wako barazani, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aangaliaye. Au hutumwa mnazi na mtu mzima, na muuzaji asimuulize umri, ilhali sheria ya Kenya ya mwaka 2010 yakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18.

Basi tuzungumze nao mapema, kwa upole. Luqmani alipomuusia mwanawe alimwita kwa mapenzi kwanza, ndipo akamwonya. Tumuulize mtoto: mwenzio akikupa, utamjibuje? Ajifunze jibu lake nyumbani. Na arudipo usiku, mama awe macho, apokee salamu yake, abusiwe mkono. Harufu haijifichi kwa aliye karibu.

Lipo jambo litakalowaudhi baadhi ya kina baba, nasi tutalisema. Kijana akinaswa, hupigwa, kisha hupelekwa kwa jamaa wa mbali ili majirani wasijue. Kumsitiri mtoto mbele ya watu ni katika dini yetu. Kumficha daktari siyo sitara. Tena fimbo hii ina hatari kubwa kuliko aibu. Kijana aliyezidiwa na pombe aweza kutapika akiwa hana fahamu, akapaliwa na kufa. Hulazwa ubavu, haachwi peke yake, hukimbizwa hospitali. Lakini wenzake wanaoogopa kipigo humwacha gizani wakatawanyika.

Mwambie mwanao leo, kabla hajatoka: ukikwama popote, wewe au mwenzio, saa yoyote, nipigie simu. Nitakuja. Maneno tutayasema kesho, baada ya sala ya alfajiri.